LESENI YA POMBE: SHERIA NI YA NANI?
Historia ya Mtungi, Ushuru na Mahakama, kwa Kuanzia Ilongero

Katika darasa moja la siasa tulilofundisha katika tarafa ya Ilongero, kaskazini ya mji wa Singida, tulikuwa tumefika kwenye somo la dola na vyombo vyake. Tulikwisha kueleza kwamba dola si jengo wala bendera, bali ni uwezo wa tabaka linalotawala kuamrisha na kutiiwa. Mama mmoja mkulima akanyosha mkono. Akasema: “Ndugu mkufunzi, mtama nililima mimi. Maji nilichota mimi, kuni nilikata mimi. Pombe ikamwagwa na mgambo, na fedha nikatozwa bila karatasi. Sasa hiyo dola unayoisema ni ipi? Ile iliyonimwagia, au ile ambayo ningekwenda kuishtakia?”

Alikuwa anasimulia mambo ya miaka ya nyuma, ya kijiji kingine alikokuwa ameolewa. Darasa lilicheka, kisha likanyamaza. Siku ile tulimjibu juu juu. Makala haya ni jibu lililochelewa.

Wako makada watakaosema kwamba pombe si somo la itikadi. Tunawaomba wasubiri. Hakuna jambo linalomkutanisha mkulima na sheria mara nyingi kama pombe. Wapo wananchi wengi ambao hawajawahi kugusa kesi ya ardhi wala ya urithi, lakini wameitwa mbele ya hakimu kwa ajili ya mtungi. Kwa hiyo atakayetaka kujua sheria ya nchi imemtumikia nani katika kila kipindi cha historia yetu, na aufuate mtungi.

KABLA YA LESENI

Singida ni nchi ya mvua chache. Mazao yake ya asili ni mtama, uwele na ulezi, na kwa Wanyaturu nafaka hizo zimekuwa chakula na pia kinywaji. Pombe yao ya nafaka huitwa mtukuru. Kazi ya kuipika inajulikana: nafaka inalowekwa, inaachwa iote hadi iwe kimea, inaanikwa, inasagwa, inapikwa, na kuachwa ichachuke. Ni kazi ya siku nyingi, na sehemu yake kubwa ni kazi ya wanawake.

Katika jamii ya zamani pombe hiyo haikuwa bidhaa. Ilikuwa na thamani ya matumizi tu. Mwenye shamba kubwa aliwaalika majirani walime, akawapikia. Wazee walikutana kusuluhisha ugomvi, wakapikiwa. Kulikuwa na matambiko, harusi na mazishi. Miiko ya kunywa ilikuwapo, hasa kwa vijana, na waliosimamia miiko hiyo walikuwa wazee wenyewe. Tusiipambe jamii ile kupita kiasi: mwenye ng’ombe na nafaka nyingi aliweza kualika watu wengi, akalimiwa shamba kubwa zaidi, akazidi kuwa na nafaka nyingi. Mbegu ya tofauti ilikuwa imo ndani ya mtungi tangu zamani. Lakini hakuna aliyehitaji kibali cha mtu wa mbali ili apike.

Leseni ilikuja pombe ilipogeuka bidhaa. Na pombe iligeuka bidhaa kwa sababu ya kodi. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba katika miaka ya 1897 na 1898, na Waingereza baada yao wakaendelea na kodi ya nyumba na ya kichwa. Kodi ililazimisha kila kaya itafute fedha. Mwanamume aliweza kwenda kwenye mashamba ya katani kuuza nguvu zake. Mwanamke aliyebaki nyumbani alikuwa na nini cha kuuza? Alikuwa na nafaka, na alikuwa na ujuzi wa kuichachusha. Mkoloni alimlazimisha kuuza pombe kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamkamata kwa kuuza.

SHERIA YA MKOLONI: MIZANI MBILI

Mabeberu walianza kuzungumza juu ya pombe ya Afrika wakiwa kwao Ulaya. Katika Mkataba wa Brussels wa 1890 walichora eneo kubwa la bara letu na kukubaliana kuzuia au kutoza ushuru pombe kali iliyoingizwa humo. Mkataba wa Saint-Germain wa 1919 ulirudia jambo hilo, na Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika na Shirikisho la Mataifa, waraka wa udhamini wa 1922 uliwataka wasimamie kwa ukali uuzaji wa pombe kali. Maneno yalikuwa ya huruma: kumlinda mwenyeji. Lakini Mzungu katika klabu yake alikunywa apendavyo. Kwa sehemu kubwa ya utawala wao sheria iligawa vinywaji kwa rangi ya mnywaji: vileo vya Kizungu upande mmoja, na “pombe ya wenyeji” upande wa pili, kila kimoja na masharti yake. Ulinzi wa namna hiyo ulikuwa ni ubaguzi uliovaa joho la huruma.

Vijijini mambo yalipangwa kwa njia nyingine. Sheria ya Serikali za Wenyeji ya 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron, iliwapa watemi na mamlaka nyingine za wenyeji uwezo wa kutoa amri za kuzuia au kusimamia utengenezaji na uuzaji wa pombe. Ada na faini ziliingia katika hazina ya mtemi, na katika hazina hiyo hiyo ndimo ulimotoka mshahara wake. Halafu sheria ya mahakama za wenyeji ya 1929 iliziondoa mahakama hizo chini ya Mahakama Kuu na kuziweka chini ya maofisa wa utawala, yaani Bwana Shauri na wakubwa wake.

Tuutazame mpango huo kwa makini, maana somo letu lote limo humo. Mtu yule yule alitoa amri. Watumishi wake walikamata. Yeye au wazee wake walihukumu. Faini ilikwenda katika hazina yake. Na aliyehukumiwa akitaka kukata rufaa, alikwenda kwa ofisa aliyemweka mtemi katika kiti. Hapo mkulima alikuwa na haki gani? Alikuwa na haki ya kulipa.

Hali hiyo haikuwa ya Tanganyika peke yake. Huko Natal, Afrika Kusini, sheria ya 1908 iliipa halmashauri ya mji wa Durban uwezo wa kuuza pombe ya nafaka peke yake, na mapato yake yakatumika kuendesha makazi na utawala wa Waafrika wenyewe. Mwafrika alilipia minyororo yake kwa kibuyu. Wanawake waliopika majumbani walivamiwa na polisi na pombe yao kumwagwa. Mwezi Juni 1959, katika mtaa wa Cato Manor, wanawake hao walikivamia kilabu cha halmashauri, wakaimwaga pombe ya mkubwa kama alivyoimwaga ya kwao. Wale hawakuwa wanapigania ulevi. Walikuwa wanapigania haki ya kuishi kwa jasho lao.

Hapa kwetu nako wauza pombe hawakuwa watazamaji. Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwaandikisha wanawake wa Dar es Salaam katika TANU mwaka 1955, miongoni mwa waliojitokeza mapema walikuwamo wanawake waliopika na kuuza pombe. Hawakuwa na bwana wa kuwafukuza kazi, walijua kuzungumza na watu, na walimjua askari kwa sura. Wako wanachama wa leo wanaomdharau mama pombe. Na wakumbuke kwamba alikuwa mmoja wa wakunga wa chama chao.

UHURU NA FUNZO LA BUKOBA

Baada ya Uhuru tulirithi vitabu vya sheria pamoja na ofisi. Kesi moja ya vileo ilituonyesha mapema uzito wa urithi huo. Klabu ya Gymkhana ya Bukoba iliomba leseni yake ya vileo iendelee. Mamlaka ya leseni ilikataa, kwa sababu uanachama wa klabu ile ulikuwa wa kibaguzi. Kila mzalendo angekubali kwamba sababu hiyo ilikuwa ya haki mbinguni na duniani. Lakini klabu ilikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 1963 ikashinda. Mahakama ilisema kwamba sheria ya vileo haikuwapa wenye mamlaka ya leseni uwezo wa kukataa kwa sababu hiyo. Siasa ya nchi ilikuwa bado haijaandikwa ndani ya sheria.

Kesi hiyo inaweza kusomwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kusema kwamba mahakama zilikuwa bado za wakoloni. Katika maneno hayo kuna ukweli. Lakini kada anayeishia hapo amesoma nusu. Njia ya pili ni kujiuliza: kama wananchi walikwisha kushika dola, kwa nini waliwaachia wenye klabu silaha ya sheria? Azimio lisilogeuzwa kuwa sheria ni kama jembe lisilo mpini: linang’aa, lakini halilimi. Mabepari wanalijua jambo hili vizuri, na ndiyo maana hawaendi popote bila wakili. Mkulima hana wakili. Mwenye kumtengenezea sheria iliyo wazi ndiye wakili wake.

Kazi ya kugeuza siasa kuwa sheria ilifanyika. Mwaka 1963 mamlaka ya watemi yalifutwa. Mwaka huo huo ilipitishwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu, na mahakama za mwanzo zikawekwa katika ngazi moja na mahakama za wilaya na Mahakama Kuu. Maana yake kwa tarafa kama Ilongero ilikuwa kubwa. Kwa mara ya kwanza aliyehukumiwa kwa ajili ya mtungi aliweza kupanda ngazi ile ile ya rufaa anayopanda tajiri. Mwaka 1968 Bunge likapitisha Sheria ya Vileo, Namba 28, iliyoweka utaratibu wa leseni kwa vileo vya viwandani na kwa pombe za kienyeji pia.

Kabla ya hapo, mwaka 1966, ilitungwa sheria ya moshi, yaani pombe ya kukoleshwa kwa mvuke ambayo wengine huiita gongo au piwa. Ilikataza kutengeneza moshi bila kibali. Katika miaka iliyofuata Mahakama Kuu ilipokea rufaa nyingi za watu waliokamatwa na moshi, na swali moja lilirudi tena na tena: nani amethibitisha kwamba kilichomo katika chupa ni moshi? Je, yatosha askari aseme amenusa? Wapo waliokasirika kwamba majaji walikuwa wanawasaidia walevi. Sivyo. Swali hilo lilikuwa ngao ya mnyonge. Kama pua ya askari ingetosha kumfunga mtu, basi hapana mtu nchini ambaye askari asingeweza kumfunga.

UKINZANI WETU WENYEWE

Mwanafunzi wa itikadi hana budi kujikosoa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 Serikali ilichukua hisa nyingi zaidi katika viwanda vya bia. Hatua hiyo ilikuwa sahihi: faida iliyokuwa ikikimbilia nje ilibaki kujenga nchi. Lakini ilizaa ukinzani ambao hatukuufundisha vya kutosha. Dola ilikuwa mtoa leseni, mkusanya ushuru na muuza bia kwa wakati mmoja. Chupa ya kiwandani ilifika kijijini kwa lori ikiwa na baraka zote. Mtungi wa mkulima ulifika kilabuni ukiwa mshitakiwa. Mwaka 1993 nusu ya kiwanda hicho ikauzwa kwa kampuni ya Afrika Kusini, na faida ikaanza tena kutafuta njia ya kwenda nje. Mtungi ulibaki pale pale.

Ukinzani wa pili ulitokana na mapato. Halmashauri za wilaya zilizofutwa mwaka 1972 zilirudishwa kwa sheria za 1982, na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Namba 9 ya mwaka huo, ikahesabu ada za leseni za vileo miongoni mwa mapato yao. Si vibaya halmashauri kuwa na mapato; zahanati haijengwi kwa hotuba. Lakini chombo kinachotegemea ada ya kilabu kina sababu ya kutaka vilabu viwe vingi, hata pale ambapo watoto wanalala na njaa kwa sababu nafaka imechachushwa. Na mkusanyaji anayepewa kiasi cha kufikisha ana sababu ya kutoza hata asichoruhusiwa.

Ukinzani wa tatu umo ndani ya kijiji chenyewe. Tusimfanye muuza pombe malaika. Katika nchi ya mvua chache, debe la mtama linalopikwa pombe ni debe lililotoka ghalani. Wakati wa njaa kukataza upikaji kumeokoa maisha. Kuna mume anayekunywa fedha za alizeti siku ya mnada na kurudi nyumbani na fimbo. Kuna pombe kali inayoua. Ndiyo maana Serikali ilipopiga marufuku pombe kali za vifuko vya plastiki, vile viroba, kuanzia tarehe 1 Machi 2017, wazazi wengi walishukuru. Safari ile mkono wa sheria haukuanzia kwenye mtungi wa mama. Ulianzia kiwandani. Hilo ni jambo la kukumbukwa na kila anayesema kwamba mtaji haugusiki.

MASWALI MATATU YA KUPIMIA

Katika historia hii yote tunaona kwamba kila ugomvi wa leseni ya pombe, tangu wa mtemi hadi wa leo, unaweza kupimwa kwa maswali matatu.

Swali la kwanza: amri imetoka wapi? Kijiji hakitawaliwi kwa kauli ya mtu. Sheria ya Serikali za Mitaa ya wilaya, Namba 7 ya 1982, inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, na sheria ndogo hiyo hupata nguvu ikikubaliwa na halmashauri ya wilaya. Saa za kilabu, mahali pa kilabu, marufuku ya kupika wakati wa njaa: yote haya yanaweza kuamuliwa na wanakijiji wenyewe mkutanoni, yakaandikwa, yakapitishwa. Amri isiyoandikwa ni amri ya akida.

Swali la pili: fedha zimekwenda wapi? Katiba ya 1977, ibara ya 138, inakataza kutoza kodi yo yote isiyotokana na sheria. Kwa hiyo ushuru usio na stakabadhi ni wizi, hata kama aliyeutoza amevaa sare. Mama anayelipa ada ya leseni ana haki ya kujua ada hiyo ni kiasi gani, imewekwa na nani, na imefanya nini.

Swali la tatu: nani anahukumu? Ibara ya 13 ya Katiba hiyo hiyo inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na haki ya kukata rufaa. Haki hizi ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na kuanzia 1988 mwananchi aliweza kuzidai mahakamani. Mgambo si hakimu. Mtendaji si hakimu. Katibu wa tawi si hakimu, na tangu mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992 hata udhuru wa kwamba Chama kimeshika hatamu hauko tena. Mwenye kumwaga pombe ya mtu kabla ya hukumu ameunganisha tena kile ambacho mwaka 1963 tulikitenganisha. Amejivika kilemba cha mtemi.

Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikwisha kumkataza kiongozi ubwana na ufedhuli mbele ya anaowaongoza, na ulipima maendeleo kwa kipimo hiki: je, wananchi wamezidi kuwa na madaraka juu ya mambo yao wenyewe? Hatujui kipimo bora cha kupimia leseni ya pombe.

JIBU KWA MAMA WA ILONGERO

Sasa tunaweza kumjibu yule mama. Mama, dola iliyokumwagia pombe na dola ambayo ungekwenda kuishtakia ni moja. Ndani yake yanapigana mambo mawili: urithi wa mtemi na Bwana Shauri, unaotaka atoaye amri ndiye ahukumu na ndiye ale, na matakwa ya wakulima na wafanyakazi, yanayotaka amri itoke kwa wengi, fedha zionekane, na hukumu itolewe na asiyekula faini. Mapigano hayo hayakumalizika tarehe 9 Desemba 1961. Yanaendelea kila mara mtendaji anapofungua kitabu chake cha stakabadhi, au anapokiacha kimefungwa.

Kazi ya kada katika tarafa si kuutetea mtungi wala kuupiga teke. Kazi yake ni kuisoma sheria kabla ya kuitaja, kuwasomea wananchi sheria ndogo ya kijiji chao kwa lugha wanayoielewa, kumwonyesha muuza pombe njia ya leseni, na kumwonyesha aliyeonewa njia ya mahakama. Kada asiyeijua njia hiyo mwenyewe atawapoteza wengine. Na kama sheria ndogo yenyewe ni mbaya, asiivunje kimya kimya. Airudishe mkutanoni, wenye kijiji waibadili.

Yule mama alituuliza swali mbele ya darasa zima bila woga. Bibi yake mbele ya mtemi asingethubutu. Hiyo ndiyo faida ya Uhuru tuliyo nayo mkononi. Hasara itakuwa yetu tukimfanya aogope tena.

Maswali ya majadiliano:
1. Je, katika kijiji chenu kuna sheria ndogo ya pombe? Nani ameiona ikiwa imeandikwa, na ilipitishwa lini?
2. Eleza jinsi kodi ya mkoloni ilivyoigeuza pombe kutoka thamani ya matumizi kuwa bidhaa.
3. Mamlaka ya leseni ya Bukoba ilikuwa na sababu ya haki, lakini ikashindwa mahakamani. Makada wanajifunza nini?
4. Halmashauri inahitaji mapato, na kijiji kinahitaji chakula. Yakigongana, nani aamue, na kwa utaratibu gani?